Mizani ya Sufu

Saa tano usiku, mwezi wa Juni, Lairg,
na bado nauona mshono wa matuta
kutoka ukuta wa mawe hadi ua wa waya
tuliouinua mara mbili,
kulungu wakajifunza mara tatu.

Murdina anapalilia viazi kwa jembe la mama yake.
Hasemi. Watu wa huku husema wakishamaliza.
Udongo wake ni mweusi, umelala na maji miaka mingi,
una uchachu wa maziwa yaliyosahaulika;
kabla ya chokaa kiazi kilitoka humo
kikubwa kama yai la kwale, tena la kwale mgonjwa.

Mimi ni tarishi wa posta. Gari jekundu, barabara nyembamba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo kwetu;
huku mgeni huuliza kwanza mahali pa kugeuzia gari.
Lakini anayepeleka barua huona mazizi:
Uisdean ana kabichi zinazongoja kuoza,
Ishbel ana mayai hadi ndani ya mabuti,
na hoteli iliyo chini ya bonde
inapokea kabichi zilizosafiri kuliko mimi.

Nilinyamaza miaka miwili.

Kisha akaja mnunuzi kutoka Inverness
na ubao wenye matundu mawili.
Kiazi kikipita hapa, kidogo. Kisipopita pale, kikubwa.
Chenye doa, mpe ng'ombe.
Murdina alibaki na ndoo mbili za viazi vya sawasawa
na rundo la watoto waliokataliwa shule.

Nikamkumbuka baba, kando ya lami, Isyonje,
akijaza gunia mpaka likavaa kilemba,
akalishona kilemba kwa kamba ya katani,
na dalali, mkono mfukoni: Ongeza.
Lumbesa. Gunia moja na nusu kwa bei ya gunia.
Baba alikufa bila kujua, hata siku moja,
jasho lake lina kilo ngapi.

Huyu wa Inverness alisema: Punguza.
Nilicheka peke yangu garini.
Lumbesa imevaa tai, imegeuzwa ndani nje.

Jioni nikarudi bila barua.
Juu ya boriti ya jikoni ilining'inia mizani ya sufu
ya baba yake Murdina, sindano imeshika kutu.
Tukaipaka mafuta ya kukaangia.
Tukapima kila kitu: madoa, mapacha, vigimbi,
tukaandika nyuma ya bahasha ya benki.
Kilo mia mbili na kumi na nne.
Murdina akaisoma namba ile mara mbili,
akaketi.

Sitasema mambo yalinyooka.
Gari la kukodi lilizima daraja la pili,
kabichi za Uisdean zikaganda barafu,
na Uisdean hakunisalimu mpaka Pasaka.
Lakini mashamba saba yalichanga mafuta,
tukabeba mwani kutoka pwani kwa tela la farasi asiyekuwepo,
sukuma wiki ikasimama katikati ya mistari,
na mpishi wa hoteli, kijana mwenye chunusi,
akakinusa kiazi chenye doa kama anayenusa mkono wa bibi yake,
akauliza, vya nani hivi?

Vyangu, akasema Murdina.
Neno moja. Alikuwa amemaliza.

Jana nimempelekea kaka yangu picha ya mizani.
Akajibu kutoka Isyonje, kwenye ukungu wa kwetu:
Nzuri. Ila dalali atairuhusu?

Sijamjibu.
Natazama sindano inavyotetemeka, huku na huko,
kabla haijakubali kutulia.